Chura wa Jiwe la Mwisho

Mmeshapungiana mikono? Haya, kaeni, wapendwa. Kaeni hapo hapo mlipo. Leo siwasumbui habari ya wa nyuma kusogea mbele, maana kila Jumapili nasema na kila Jumapili mnanitazama kama nasema na ukuta. Kaeni mnavyopenda, kila mtu na nafasi yake ya kuweka mkoba.

Na msigeuke kuitazama spika. Umeme upo. Nimeizima mwenyewe. Mzee Mbonea ameniuliza pale mlangoni, "Mwinjilisti, imeharibika?" Nikamwambia, hapana mzee wangu, aliyeharibika ni mimi. Akacheka, akadhani namtania. Kwa hiyo leo mtanivumilia na sauti hii ya mafua, na wale ndugu zangu wanaosinzia itabidi wasinzie kwa bidii kidogo.

Neno la leo tumeshalisoma, sitalirudia. Nina mfano tu, na mfano wenyewe ni wa vyura.

Naona watoto wameamka. Na kina mama wa kwaya mnakunja pua. Najua, hapa kwetu chura hana heshima. Tunamkumbuka siku tukitaka kumnyamazisha mtu, tunamwambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Basi leo ng'ombe atusubiri kidogo. Leo ni zamu ya chura.

Kule juu msituni, ukishapita mashamba ya tangawizi, ukaipita na ndiva yetu inayokusanya maji ya kumwagilia, mto unashuka kwenye mawe. Mmewahi kufika, mnapajua. Hapo tuseme palikuwa na vyura wamejikalia, wadogo, wa rangi ya jiwe lenyewe, unaweza kusimama katikati yao usijue una wenyeji. Kila mmoja alikuwa na jiwe lake. Jiwe la juu lilikuwa chini ya maporomoko, maji yanalipiga usiku na mchana. Linafuata lingine, na lingine, yameshuka kama ngazi, mpaka unafika jiwe la mwisho kabisa, pembeni, ambako maji yenyewe hayafiki. Kule yanafika manyunyu tu.

Sasa chura hanywi kwa mdomo kama mimi na wewe. Anakunywa kwa ngozi. Ngozi ikilowa yu hai, ngozi ikikauka amekwisha, hata kama mto uko hatua kumi kutoka pale alipo. Hilo likumbukeni.

Na pale kwenye maporomoko kuna kelele. Unaweza kumwita mwenzako aliye jiwe la pili mpaka koo likauma na asikusikie. Kwa hiyo vyura wale hawakuwa na mazoea ya kuitana. Babu zao waliwaachia desturi nyingine. Kila asubuhi, kabla jua halijayapiga mawe, chura wa jiwe la juu alishuka akamwekea jirani yake mkono mgongoni. Yule naye akashuka, akamwekea anayefuata. Na yule akashuka. Hivyo hivyo mkono ukateremka jiwe kwa jiwe mpaka la mwisho, halafu ukapanda tena kwa njia ile ile. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Ilichukua muda, tena iliwachosha wazee, lakini hakuna aliyekula kitu kabla mkono haujarudi juu.

Kwa nini mkono? Kwa sababu mkono una akili yake, ndugu zangu. Mkono ukigusa mgongo haujibiwi kwa maneno, unajijibu wenyewe. Unajua huyu amelowa, huyu ameanza kukauka. Na wakimkuta aliyekauka hawakumpa hotuba. Jirani alikwenda kujichovya majini, akarudi amelowa chapachapa, akajibana naye mgongo kwa mgongo, akakaa hapo mpaka unyevu ukahamia kwa mwenziwe. Wala mtu hakusema ahsante. Ilikuwa ni kawaida tu, leo wewe, kesho mimi.

Kwenye lile jiwe la mwisho aliishi bibi mmoja. Alikaa kule kwa sababu alikuwa na mayai ya kulea. Si yake, umri wake ulikuwa umeshapita. Yalikuwa ya binti yake, ambaye masika iliyopita maji makubwa yalimchukua. Bibi aliyahamishia pembeni, mahali ambapo mkondo hauwezi kuyafikia, akayafunika kwa tumbo lake. Jirani yake, wa jiwe la pili kutoka mwisho, alikuwa mama mmoja mwenye mikono mifupi. Ilimbidi aruke mara mbili ndipo amfikie.

"Shikamoo, bibi," alimsemea sikioni kila asubuhi, kwa ajili ya zile kelele.

"Marahaba, mwanangu. Mkono wako una baridi nzuri leo. Uache hapo kidogo."

Naye aliuacha kidogo.

Kikaja kiangazi. Kiangazi hakiji na matarumbeta, mnakijua, kinakuja leo tone moja kesho tone moja. Maji ya mto yakapungua, na maji yalipopungua, na zile kelele za maporomoko zikapungua. Asubuhi moja vyura wakasikia kitu ambacho hawajawahi kukisikia maishani mwao. Walisikia sauti zao wenyewe. Mmoja alikohoa jiwe la juu, na wa chini kabisa akamwambia pole. Jamani, walifurahi. Walishinda wanaitana majina bila sababu.

Na siku hizo hizo kulikuwa na chura mgeni, ametoka bwawani bondeni, ameoa kule juu. Msimchukie, tafadhali. Alikuwa na moyo mzuri na koo kubwa. Akawatazama siku mbili tatu wanavyopanda na kushuka mawe na salamu yao, akashindwa kuvumilia.

"Shemeji zangu, mbona mnajitesa?" akasema. "Kule kwetu mmoja anaita, wote wanaitika, kazi imekwisha. Nipeni jiwe la juu niwaonyeshe. Jua halijatoka kila mtu atakuwa kwenye shughuli zake."

Mzee wa jiwe la juu magoti yalikuwa yanamuuma. Hata hivyo aliuliza. "Na tutajuaje nani amekauka?"

"Atasema, baba. Kwani hana mdomo?"

Hapo, wapendwa. Ningewauliza ninyi, mngekataa? Mzee Mbonea, ungekataa, na magoti yako hayo? Maneno yana akili. Kwani hana mdomo? Hata mimi ningempigia makofi.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi shemeji anajaza koo lake kule juu, anaita, "Mpo?" Na mawe yote yanaitika kwa pamoja, "Tupo." Ilipendeza. Wa sauti nzito wakajipanga na wenzao, wa sauti nyembamba na wenzao, wakaanza mpaka kupokezana. Salamu iliyokuwa inachukua asubuhi nzima ikawa inakwisha kabla hujameza mate. Walimshukuru Mungu kwa utulivu ule uliowawezesha kusikilizana. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza utulivu umetoka wapi. Ulikuwa ni maji yanayoondoka, na wao wanayaimbia.

Sasa twende jiwe la mwisho.

Ile asubuhi ya kwanza bibi aligeuza mgongo kama alivyozoea, aurahisishie mkono mfupi wa jirani yake. Akangoja. Akasikia kule juu, "Mpo?" Akaona ni vibaya kunyamaza wenzake wote wakiitika, akasema, "Nipo." Siku ya pili akageuza tena mgongo. Siku ya tatu vile vile. Manyunyu yalikuwa ya kwanza kukatika, na yalikatika kwake kabla ya kwa mtu mwingine, maana yeye ndiye wa pembeni. Ukabaki umande tu. Na ule umande kidogo uliomwangukia mgongoni, alijiinamisha polepole utiririke ushuke kwenye mayai. Halafu jua likatoka. Na kabla ya jua, kila siku, aliulizwa kama yupo, na kila siku akaitika. Sauti ilikuwa inapungua, lakini nani angejua? Ilikuwa ndani ya sauti za wenzake.

Yule jirani yake, mama wa mikono mifupi, mkono ulikuwa unamwasha. Kila asubuhi unainuka wenyewe, hauna pa kwenda, anaushusha. Siku moja akamwambia shemeji, "Bibi wa chini sijamtia machoni siku nyingi."

"Si ameitika leo?" akasema shemeji.

"Ameitika, kweli."

"Basi."

Akajiona mjinga. Akakaa siku nyingine mbili. Lakini mkono ukakataa kukaa. Siku ya tatu, wenzake wakiwa katikati ya kuitika, aliruka mara mbili akafika jiwe la mwisho, akamwekea bibi mkono mgongoni. Mkono ukashtuka ukarudi. Mgongo ulikuwa mkavu kama ganda la mgomba.

"Bibi. Tangu lini?"

"Tangu mkono wako uache kuja, mwanangu."

"Na kila siku nakusikia unaitika nipo?"

"Niliulizwa kama nipo," bibi akasema. "Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemea wapi? Mnaimba vizuri namna ile."

Kisha akajisogeza, kidogo tu, nguvu hazikuwepo. Yule mama akaona chini ya tumbo lake. Mayai yote yalikuwa yamelowa. Hata moja halikukauka.

Yule mama akajigusa mgongo wake mwenyewe, naye ulikuwa umeanza kukauka. Peke yake asingeweza kitu. Akatazama juu, mawe yalivyopangana mpaka kule kwenye maji, na kwenye kila jiwe jirani anayeimba. Akamwambia bibi, "Usilale. Narudi." Akaanza kupanda.

Mfano wangu umeishia hapo.

Mnanitazama. Watoto ndio kabisa. Mnataka kujua kama bibi alipona. Ndugu zangu, sijui. Siwafichi, sijui, na nitawaambia kwa nini sijui.

Mnakumbuka zamani tulivyokuwa tunamaliza ibada? Zamani, nasema, ni mwaka juzi tu. Tulikuwa tunatoka kwa mstari tunaimba, wa kwanza anasimama nje ya mlango, wa pili anampa mkono anasimama kando yake, wa tatu anawapa mkono wote wawili, mpaka mtaa mzima unazunguka uwanja wa kanisa, na hakuna aliyetoka hapa bila kushikwa na kila mkono. Ilichukua nusu saa. Mvua ikinyesha tulilowa. Halafu tukapata spika. Na mtu mmoja akasimama hapa, akasema, wapendwa, ibada zetu ni ndefu, tangu leo tutasalimiana kwa kupungiana mikono pale pale tulipokaa, mimi nitasema Bwana asifiwe, ninyi mtasema amina, tunakwenda nyumbani. Mkafurahi. Mlinipigia vigelegele. Naam, ni mimi. Nilikuwa na koo kubwa na moyo mzuri.

Na sisi kuitika tunajua. Watu wa kwetu hawajambo siku zote. Mtu unamkuta njiani, habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mnaagana, mmeshapeana visogo, ndipo anageuka anasema, ila tumelaza mmoja. Na mwingine hageuki. Anakwenda zake na ile "nzuri" yake mdomoni.

Sasa Ijumaa hii iliyopita, saa kumi alasiri, nilikuwa natoka mtaa wa pili na pikipiki. Msinisifu, sikuwa nakwenda kumwona mgonjwa. Mnyororo ulikatika. Ulikatika mbele ya nyumba moja ambayo nimeipita kwa miezi minne nikipiga honi na kuinua mkono. Nikahangaika nao, mikono ikawa myeusi ya grisi, nikabisha hodi kuomba maji ya kunawa.

"Karibu, mwinjilisti," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Bwana asifiwe, mama. Hujambo?"

"Amina. Sijambo, baba."

"Habari za siku nyingi?"

"Njema tu."

Mmesikia? Ningenawa nikaondoka. Wallahi, hapana, siyo neno la madhabahuni hilo, lakini nawaambia kweli, ningenawa nikaondoka. Ila alitoka na jagi aninawishe, kama mnavyomnawisha mgeni, na jagi likaanza kutetemeka mkononi mwake. Nikamshika mkono ili maji yasimwagike. Ndiyo mara ya kwanza kumshika mkono tangu spika ije. Ulikuwa wa moto, mkavu, na mwepesi kuliko jagi.

Nikaingia ndani bila kukaribishwa mara ya pili. Mafiga yako baridi. Mezani kuna sahani imefunika kitu, nikafunua, ndizi mbili za kuchemsha.

"Za nani hizi, mama?"

"Za wajukuu, wakitoka shule."

"Na wewe?"

"Nimeshakula."

Nikamtazama. Akazifunika tena zile ndizi. Wale wajukuu mnawajua, ndugu zangu. Mmewaona hapa kila Jumapili wamepakwa mafuta, nguo zimenyooshwa, soksi nyeupe. Na mimi nilikuwa nawaona, najisemea moyoni, kwa yule mama mambo si mabaya.

Nikamwuliza, "Mama yangu, mbona hukusema kanisani?"

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alinijibu kwa upole, kama anavyonijibu siku zote. "Ulituambia tupunge mkono, baba. Nilipunga."

Niliona aibu, wapendwa. Nililia pale kwenye kiti chake, na yeye, mgonjwa, ndiye aliyenibembeleza.

Najua kuna mmoja hapa ana methali tayari kwenye ulimi. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ni kweli. Imesemwa na wazee na sina ubishi nayo. Lakini huyu alificha nini? Alikaa hapa, kwenye mabenchi haya haya, mwenye macho aone. Mwishowe hata kukaa akashindwa, na Jumapili hii ni ya tatu hayupo. Nani aliuliza? Mimi sikuuliza. Tena niwaambie na jingine. Mke wangu yuko kule tangu juzi, anamkandakanda na kumpikia uji. Ndiyo maana leo kwaya imeimba bila sauti yake. Na hilo nalo sijasikia mtu akiuliza.

Mganga wa zahanati tumempeleka kwake, ameacha dawa. Amesema dawa zinataka chakula tumboni, na mgonjwa anataka mtu wa kukaa naye, zamu kwa zamu, wiki nyingi. Atapona? Nilimwuliza. Akasema, mwinjilisti, hilo linategemea mtakavyofanya. Kwa hiyo mkiniuliza kama yule bibi wa jiwe la mwisho alipona, nasema sijui. Mama wa mikono mifupi ndiyo kwanza amefika juu. Ndiye huyu anayeongea na ninyi.

Sisi tulidhani tumepata utulivu. Kumbe maji yalikuwa yanatutoka, na tulikuwa tunaimba vizuri. Sisi tunaitana majina kwa kipaza sauti, na hatujui nani kati yetu mgongo umekauka. Tumeulizana kama tupo. Tupo, sote tupo. Hilo halikuwa swali.

Nimemwomba ruhusa niwaambie. Akasema, "Sema, lakini usinitaje jina." Kwa hiyo simtaji. Ahadi ni ahadi. Ila nawaomba kitu kimoja, wakubwa na wadogo. Nyoosha mkono wako wa kulia, ushike bega la mwenzako. Ndiyo, sasa hivi, hapo hapo ulipokaa. Haufiki? Ondoa mkoba, sogea. Bado haufiki? Sogea tena, benchi haliumi. Wewe kijana wa nyuma, ukuta siyo jirani, njoo huku. Na kama umesogea, umenyoosha, na mkono umekuta benchi tupu, usiurudishe. Uache hapo. Jiulize, hapa hukaa nani?

Taratibu. Tuna muda leo.

Naam, mama Elineema. Nimekuona. Hapana, usikae, na usiutoe mkono wako hapo. Ndiyo, mama. Ndiye huyo. Mimi sikusema, mkono wako ndio umesema. Lia tu, mama, hapa ni nyumbani. Miaka mingapi mmekaa benchi moja? Ishirini na mmoja. Basi leo utakuwa wa kwanza kuingia kwake.

Hatufungi ibada hapa, wapendwa. Tutaifungia kule. Na mnada wa kuuza sadaka leo hakuna. Zile ndizi mlizoleta madhabahuni, na viazi, na yule jogoo anayenikatiza maneno tangu asubuhi, tunaondoka navyo. Tutatoka kwa mstari kama zamani. Njia ya kwenye tangawizi ni nyembamba, kwa hiyo kila mtu amshike bega aliye mbele yake. Mzee Mbonea, wewe tangulia, tutakwenda kwa mwendo wa magoti yako. Kina mama mtapanga zamu njiani, nani kesho, nani keshokutwa, na zamu ya Jumatano niachieni mimi, uji naujua.

Tukifika mlangoni kwake nawaombeni jambo moja tu. Mtu yeyote asimwulize kama hajambo. Atasema hajambo. Mpeni mkono.